Utafiti wa uzamili na uzamivu katika sayansi ya michezo na mazoezi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila msimu wa udahili simu yangu hujaa ujumbe. Mwingi huanza na "Shikamoo mwalimu", kisha linafuata mojawapo ya maswali haya. Nimeyakusanya niyajibu mara moja, hasa kwa msomaji wa Tanzania na Kenya, maana huko ndiko nilikofanyia kazi. Nimeyaacha kwa sauti ya wenyewe waliouliza.

Mwalimu, hii sayansi ya michezo si ndiyo PE (elimu ya viungo) ya ngazi ya juu?

Siyo. Mwalimu wa PE anafundisha mchezo. Mtafiti wa sayansi ya michezo anauliza mwili na akili ya anayecheza vinafanya nini, na kwa nini. Ndani yake mna fiziolojia ya mazoezi (moyo, mapafu, damu, misuli), biomekaniki (fizikia ya mwili unapotembea, kukimbia au kuruka), saikolojia ya michezo, lishe, na upande wa afya ya jamii: nani anatembea, nani anakaa kutwa, na kukaa huko kunamgharimu nini. Wengi wanaoniandikia wanamfikiria Kipchoge peke yake. Lakini bibi mwenye kisukari anayetembea nusu saa kila jioni kando ya barabara ya Morogoro naye ni somo letu, na kwa maoni yangu ndiye tuliyemsahau zaidi.

Nimesoma ualimu. Mwenzangu amesoma uuguzi. Tutapokelewa?

Mara nyingi mnapokelewa, mkiwa na daraja zuri na mkionyesha kwamba somo mnalolitaka mna msingi wake. Muuguzi anayetaka fiziolojia ya mazoezi ameshatangulia kuliko anavyodhani. Mwalimu anayetaka biomekaniki bila kugusa fizikia tangu kidato cha nne atapata taabu, na pengine ataambiwa asome kozi za kuziba pengo kwanza. Chuo Kikuu cha Kenyatta kina idara ya elimu ya viungo, mazoezi na sayansi ya michezo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina idara ya elimu ya viungo na sayansi za michezo. Anzia kwenye kurasa zao, maana masharti hubadilika.

Stashahada ya Malya, chuo cha maendeleo ya michezo huko Tanzania, ni nzuri kwa kocha, ila haikuruki hadi uzamili. Shahada ya kwanza lazima uipitie. Vilevile kozi ya kimataifa ya makocha pale Leipzig, Ujerumani, ambayo makocha wetu wengi wameipita: unarudi na cheti cha ukocha, siyo digrii ya utafiti.

Uzamili wa kozi na uzamili wa utafiti vinatofautianaje?

Wa kozi unakaa darasani, unafanya mitihani, mwisho unaandika tasnifu ndogo. Wa utafiti unaingia na swali lako, darasa ni dogo au hakuna, na tasnifu ndiyo mtihani wenyewe. Kama unajua tayari unataka kwenda uzamivu, chukua wa utafiti. Kama hujawahi kuchambua data yoyote maishani, chukua wa kozi, usione haya.

Itanichukua muda gani kweli kweli?

Kwenye karatasi, uzamili ni miaka miwili na uzamivu ni mitatu. Nje ya karatasi, mwenye kazi na familia ajiwekee mwaka mmoja hadi miwili zaidi. Muda haupotei kwenye kukimbiza watu uwanjani. Unapotea kwenye kusubiri vibali, kusubiri msimamizi asome sura ya pili, na kusubiri kifaa kilichokwama bandarini.

Mada yangu ni "Athari za michezo kwa maendeleo ya vijana". Unaionaje?

Naiona kila mwaka. Athari ipi? Mchezo gani, rede au ndondi? Vijana wa miaka mingapi, wa wapi? Na maendeleo ya nini? Jiulize hivi: siku ya kwanza ya kukusanya data, utaamka ukafanye nini? Kama jibu ni "nitakwenda uwandani", mada haijaiva. Kama jibu ni "saa kumi na mbili na nusu asubuhi nitakuwa kwenye kiwanja cha shule, wasichana 24 wa kidato cha pili watakimbia kwenda na kurudi mita 20 kwa kufuata mlio, nami nitaandika ngazi ambayo kila mmoja ameishia", hiyo imeiva. (Jaribio hilo lilibuniwa na Luc Léger wa Kanada miaka ya 1980. Linaanza kwa kasi ya kilomita 8.5 kwa saa na kuongezeka nusu kilomita kila dakika. Gharama yake ni koni, futi ya kupimia na spika yenye sauti.)

Nikupe mfano wa mada iliyokatwa vizuri. Mwanafunzi mmoja alikuja na "Mazoezi na afya ya wafanyakazi". Tulikatakata miezi mitatu, tukabaki na watu wa daladala: dereva na konda wake, gari moja, njia moja, siku moja. Dereva amekaa. Konda anasimama mlangoni, anashuka, anaita abiria, anadandia. Hatua ngapi kwa kila mmoja?

Hakujua kwamba amegonga mlango wa nyumba kongwe. Mwaka 1953 Jeremy Morris na wenzake walichapisha utafiti juu ya mabasi ya ghorofa ya London. Makondakta, waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi siku nzima, walipata ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva waliokaa. Kwa wengi, hapo ndipo sayansi ya mazoezi na afya ilipoanza. Lakini kipande ninachokipenda kilikuja mwaka 1956. Morris alirudi kwenye kumbukumbu za sare, akatazama vipimo vya suruali. Akakuta madereva walikuwa na viuno vipana kuliko makondakta tangu walipoajiriwa, kabla usukani haujawafanya lolote. Yaani huenda kazi haikuwatenganisha yenyewe. Watu wa maumbo tofauti walikuwa wameingia kwenye kazi tofauti tangu mwanzo.

Mwanafunzi wangu aliposoma hilo, alirudi kuwauliza makonda wake umri, na wameifanya kazi hiyo kwa muda gani. Wengi walikuwa vijana wembamba wa mwaka mmoja au miwili kazini, na madereva walikuwa watu wazima, kadhaa wao wakiwa makonda wa zamani. Suruali zilezile za London, hapa Mbagala, Dar es Salaam. Ilibidi abadilishe mpango wote wa uchambuzi, na tasnifu ikawa bora mara tatu.

Nataka kuchunguza siri ya wakimbiaji wa Kenya. Bado kuna kitu kimebaki?

Kimebaki, ila neno "siri" liache mlangoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Bengt Saltin, Mswidi, pamoja na wenzake waliwapima wakimbiaji wa Kenya na wa Scandinavia, wakachapisha mwaka 1995. Wengi walitegemea kukuta VO2max ya ajabu, yaani kile kiwango cha juu kabisa cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia kwa dakika. Hawakukuta. Walio bora wa pande zote mbili walikuwa wanakaribiana. Kilichojitokeza ni kwamba Mkenya alitumia oksijeni kidogo kwa kasi ileile, kama gari linalokwenda mbali kwa lita moja.

Baadaye jeni zikatafutwa. Ile jeni maarufu ya ACTN3, inayohusishwa na misuli ya kasi, haikuwatenganisha wakimbiaji bora wa Afrika Mashariki na majirani zao. Kisha mwaka 2006 Vincent Onywera, Robert Scott, Michael Boit na Yannis Pitsiladis wakachapisha majibu ya wakimbiaji 404 wa ngazi ya juu na Wakenya wengine 87 wa kulinganisha nao: umetoka wapi, shule ilikuwa mbali kiasi gani, ulikuwa unakwenda kwa miguu au mbio. Wakimbiaji wengi walitoka Bonde la Ufa, na wengi walikuwa wakikimbia kwenda shule. Huyo Boit ndiye yuleyule wa shaba ya mita 800 pale Munich 1972, aliyekuja kuwa profesa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Siku hizi watu wanasahau kwamba wakimbiaji wetu waliwahi kuwa upande wa pili wa meza.

Ukiniuliza kilichobaki, nitakwambia wasichana walioacha mbio wakiwa na miaka 18. Majeraha ya miguu kambini, yanayotibiwa kwa mafuta ya kuchua na maombi. Wakimbiaji wa Arusha, Singida na Manyara: Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974 pale Christchurch, Alphonce Simbu akawa bingwa wa dunia wa marathoni Tokyo 2025, na rafu ya tafiti juu ya watu wa ukanda huo bado nyepesi sana ukilinganisha na ya Iten, mji wa wakimbiaji kule Kenya. Nani aliwapima?

Chuo changu hakina maabara. Nifanyeje?

Kwanza, usiitamani maabara kabla hujajua unataka kupima nini. Mashine ya kuchambua hewa ya pumzi ni ghali na ina wivu. Kila asubuhi uipe gesi ya mtungi yenye kiwango kinachojulikana, kwa kawaida oksijeni asilimia 16 na kaboni dayoksaidi kama 4 au 5, kisha uisukumie hewa kwa bomba la lita 3 ili ijue ujazo. Bila hivyo namba zake ni hadithi. Safari moja mtungi wetu uliisha Jumanne, na mwingine ulikuwa Nairobi. Tulikaa siku nne tukinywa chai ya maziwa na wakimbiaji tuliopaswa kuwapima. Walitucheka sana.

Maswali mengi mazuri yanajibiwa kwa saa ya kusimamisha, mizani, kamba ya mapigo ya moyo ya kifuani na simu inayopiga video fremu 120 au 240 kwa sekunde, ukiichambua kwa Kinovea, programu ya bure. Kifaa cha mkononi cha kupima lakteti kwenye damu (kemikali inayopanda misuli ikikazana) nacho kinabebeka mfukoni, ila mkono unaokishika ndio unaoamua.

Hebu tazama inavyofanyika. Mkimbiaji amesimama baada ya dakika nne za kasi, anahema. Unamshika ncha ya sikio. Jasho lina lakteti yake, tena nyingi, kwa hiyo ukichoma sikio lenye jasho unapima jasho. Unafuta kwa spiriti, unakausha kwa pamba, maana spiriti nayo inaharibu tone. Unachoma. Tone la kwanza unalifuta na kulitupa. La pili linapojaa kama kichwa cha pini, unagusisha ncha ya karatasi ya kipimo bila kuisugua kwenye ngozi. Asubuhi ya baridi Iten, mita 2,400 juu ya bahari, sikio limeganda na damu haitoki. Usilikamue, lisugue kwanza mpaka lipate joto. Yote haya ndani ya sekunde thelathini, kabla mtu hajaanza kupoa. Fanya mazoezi kwa ndugu zako mara hamsini kabla hujamgusa mkimbiaji.

Na kwa kuwa tumefika Iten: kule shinikizo la hewa ni kama robo tatu ya lile la Dar es Salaam. Usichukue VO2max uliyoipima Iten ukailinganisha na ya mtu aliyepimwa Mombasa kana kwamba walikuwa chumba kimoja.

Na uheshimu ratiba. Jumanne watu wako uwanjani kwa kasi, Alhamisi ni fatleki ya kundi zima (mbio za kupokezana kasi na polepole), Jumamosi ni mbio ndefu, Jumapili ni kanisani. Ukipanga jaribio la nguvu Jumatano asubuhi, unawapima wenye miguu ya jana. Kocha hatakwambia chochote, ila wiki ijayo hakuna atakayekuja.

Natumia dodoso la kimataifa. Nikilitafsiri kwa Kiswahili inatosha?

Haitoshi, na hapa ndipo data nyingi zinapofia kimyakimya. WHO wana dodoso la maswali 16 kuhusu shughuli za mwili, linalogusa kazi, safari na burudani. Nimewahi kumsikia msaidizi wa utafiti akilifupisha kwa mkulima wa Kilosa: "Mzee, unafanya mazoezi?" Mzee akajibu, "Mazoezi ni ya watu wa mjini." Akaandikiwa sifuri. Jembe lilikuwa limeegemea ukuta nyuma yake, bado lina udongo wa asubuhi. Kwa Kiswahili cha watu, mazoezi ni kitu unachokifanya kwa makusudi, pengine ukiwa na raba. Kulima ni kazi. Kuchota maji ni kazi. Usipouliza kazi kwa jina lake, utatangaza kwamba kijiji kizima kimelala.

Mfano mwingine ni kipimo cha Gunnar Borg wa Uswidi, ambapo mtu anataja namba kati ya 6 na 20 kuonyesha amejisikia kuchoka kiasi gani. Kwenye 15 tulikuwa tumeandika "ngumu". Kijana mmoja amekimbia mpaka kamasi zinamtoka, anaonyesha 9. Nikamuuliza kulikoni. "Si ngumu mwalimu, kukimbia najua." Kwake ngumu ilikuwa hesabu. Tulibadilisha tukaandika "nzito", tukaongeza "pumzi inakatika", na namba zikaanza kufuatana na mapigo ya moyo.

Kwa hiyo: mtu mmoja atafsiri kwenda Kiswahili, mwingine asiyeona dodoso la awali arudishe kinyume, mlinganishe, kisha mkae na watu kumi wa aina ileile utakayowahoji mwaulize walichoelewa. Ukiwa Bonde la Ufa kumbuka Kiswahili ni lugha ya pili kwa wengi. Mzazi wa miaka 60 atakuelewa zaidi kwa Kikalenjin. Kiswahili cha Unguja hakitakusaidia Nandi Hills.

Na tasnifu naweza kuiandika kwa Kiswahili?

Kwenye fani hii vyuo vyetu vinataka Kiingereza. Muhtasari wa Kiswahili uandike hata hivyo, ukurasa mmoja, uwapelekee waliokupa data.

Vibali vinaanzia wapi?

Maadili kwanza. Kamati ya maadili isome andiko lako la utafiti, fomu yako ya ridhaa na dodoso lako. Kenya, ukishapata barua ya kamati inayotambuliwa, unaomba leseni NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, kwa njia ya mtandao, na hilo linamhusu Mkenya pia. NACOSTI ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2013. Baada ya hapo unajitambulisha kaunti, na ukienda shuleni unapita pia kwa ofisi ya elimu ya kaunti.

Tanzania, mgeni anapitia COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Mwanafunzi wa chuo cha hapa kwa kawaida anapewa barua ya kibali na chuo chake, anaipeleka kwa katibu tawala wa mkoa, anashuka wilayani, kata, mpaka kwa mtendaji wa kijiji au mtaa. Kila meza inaongeza mhuri, kwa hiyo beba nakala kumi. Utafiti wa afya unaogusa damu au wagonjwa unaweza kukupeleka NIMR pia, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Zanzibar wana utaratibu wao, usidhani barua ya Bara inavuka maji. Sampuli zikitoka nje ya nchi panahitajika mkataba wa kuzisafirisha. Taarifa za watu nazo sasa zina sheria, Kenya tangu 2019 na Tanzania tangu 2022. Daftari lenye majina na uzito wa wasichana halibebwi kwenye mfuko wa rambo.

Kwa walio chini ya miaka 18 unahitaji ridhaa ya mzazi na kukubali kwa mtoto mwenyewe. Fomu ya ridhaa hupelekwa nyumbani ndani ya daftari la hesabu na hurudi Ijumaa imelowa uji, haina sahihi. Panga wiki mbili kwa hilo peke yake.

Wakimbiaji wananikatalia damu. Wanadhani natoka ADAK, wale wa kupambana na dawa za kusisimua misuli Kenya.

Wana haki ya kushtuka. Kenya ilipita msukosuko mkubwa wa dawa za kusisimua misuli, sheria ikatungwa mwaka 2016, na wao wamezoea mgeni anayegonga mlango alfajiri na chupa. Waeleze kwa maneno yao: damu hii ni tone la sikio, inapimwa hapahapa, inatupwa hapahapa. Kama itahifadhiwa, sema wapi na kwa muda gani.

Pia wamechoka. Kwa zaidi ya miaka thelathini wanakuja watu na vipimo, wanaondoka na namba, hawarudi. Nimeulizwa na mkimbiaji mstaafu, "Yule mzungu aliyenipima mapafu, majibu yangu alipeleka wapi?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo kila ninayempima anaondoka na karatasi yake siku ileile, namba zake na maelezo ya mistari mitatu. Kocha husoma karatasi hizo kuliko atakavyowahi kusoma tasnifu yako.

Jambo moja silijadili: usimpe mwanariadha wa mashindano unga au kidonge chochote kwa ajili ya utafiti wako. Anawajibika kwa kila kinachokutwa mwilini mwake, hata akikimeza bila kujua. Wewe utapoteza sura moja, yeye atapoteza miaka minne.

Nichukue washiriki wangapi?

Inategemea unauliza nini. Mtazame Onywera tena. Dodoso la mwaka 2006 lilikuwa na wakimbiaji 404. Lakini utafiti wake wa lishe wa mwaka 2004 ulikuwa na kumi tu, kwa siku saba, kila sahani ikiwekwa kwenye mizani kabla ya kuliwa. Ugali, sukuma wiki, chai yenye sukari nyingi: zaidi ya robo tatu ya nishati yao ilitoka kwenye wanga. Watu kumi walitosha kwa kuwa kila tonge lilipimwa. Ungewaandikia watu 404 dodoso la "jana ulikula nini" ungepata namba kubwa na picha hafifu.

Na kazi ya watoto ikaenda njia ya tatu. Kwenye mradi wa ISCOLE wa nchi 12, watoto wa Nairobi wa miaka 9 hadi 11 walivaa akseleromita, kifaa kidogo kinachorekodi mwendo, kiunoni usiku na mchana kwa wiki, kwa sababu mtoto hawezi kukwambia amekimbia dakika ngapi. Kwa hesabu ya idadi ya washiriki tumia programu ya G*Power, ni ya bure, na uandike kwenye andiko ulichokiingiza. "Washiriki 30" kwa sababu kila mtu anaandika 30 ni jibu litakaloanguka siku ya kutetea.

Naweza kuwachanganya wanaume na wanawake?

Ukiwa na sababu. Usiwaache wanawake nje eti mzunguko wa hedhi unasumbua data. Mapitio ya majarida matatu makubwa ya fani hii, yaliyochapishwa mwaka 2014, yalikuta wanawake ni asilimia 39 tu ya washiriki. Msumbufu ni pengo hilo. Mwanafunzi wa kike anayejua kuuliza habari hizi kwa staha ana mlango ambao mimi sina.

Lazima niwe mtu wa takwimu?

Uwe mtu wa kuelewa namba zako. Programu za takwimu za R na jamovi ni za bure. Usimlipe mtu akufanyie uchambuzi halafu ukashindwa kuueleza. Watahini huuliza swali hilo kwanza.

Nimwandikieje msimamizi nisiyemjua?

Kwa ufupi, na ukiwa umemsoma. Taja makala yake moja na kitu kimoja ndani yake ambacho ungependa kukiendeleza au kukipinga. Usitume CV ya kurasa nane na neno "naomba unisaidie mada". Akikubali, ongeeni mapema jina la nani litatangulia kwenye makala, kwa sababu vyuo vingi, hasa vya Kenya, vinataka uwe umechapisha kabla ya kuhitimu, na ugomvi wa majina umevunja urafiki mwingi. Jarida linalokubali makala kwa siku tano na kutuma bili siku ya sita, likimbie.

Ufadhili upo?

Upo, haba. DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanataaluma, ina ufadhili wa kusoma hukuhuku Afrika. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola unawahusu watu wa Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Kituo cha Masomo ya Olimpiki (Olympic Studies Centre) cha IOC, kamati ya kimataifa ya Olimpiki, Lausanne, Uswisi, hutoa ruzuku kwa wanafunzi wa uzamivu wa upande wa historia, jamii na utawala wa michezo. Norwe na nchi jirani zake, mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa mwenye mshahara, hivyo tafuta tangazo la kazi badala ya tangazo la udahili. Wakala anayetaka pesa ili "akuunganishe" ni tapeli.

Kwenye bajeti watu husahau vitu vidogo: nauli za washiriki, chai na mkate baada ya jaribio ambalo mtu hufanyiwa akiwa hajala, karatasi za lakteti zinazoisha muda wake zikiwa bado kwenye boksi.

Nikihitimu nitafanya kazi gani?

Wengi hufundisha. Wachache wako kwenye timu, na timu zetu bado hulipa mtaalamu kwa ahadi. Hospitali zenye kliniki za kisukari na moyo zimeanza kuuliza habari za mazoezi, na mashirika ya afya ya jamii yanahitaji watu wanaojua kupima mwendo. Nisingekushauri uingie kwa ajili ya ajira peke yake.

Nikutumie andiko langu ulisome?

Tuma ukurasa mmoja. Juu liwe swali, lenye alama ya kuuliza mwishoni. Chini yake nani, wangapi, wapi. Kisha kipimo kimoja kikuu, na namna utakavyojua siku hiyo kwamba kifaa hakikudanganyi. Mwisho andika siku ya wiki na saa utakayoanza, na jina la mtu wa pale aliyekubali upimie kwake. Nafasi hiyo ya mwisho ikiwa tupu, nenda kaijaze kwanza, kisha utume.